Nani Anaongeza Maji?

Mwezi huu nilipanga kuandika kuhusu wakwe wanaokuja kukaa wiki mbili wakamaliza miezi minne. Meseji zenu kuhusu hilo nimezisoma zote na zamu yake inakuja, msijali. Ila kuna jambo limetokea nyumbani kwangu, uani, chini ya mwarobaini, boneti ya gari ikiwa wazi, na nimeona nikiliweka kiporo litachacha.

Gari lenyewe ni Vitz, ile ya zamani, injini ya 1.3. Tulilinunua tukiwa bado Dar na tukahama nalo kuja Dodoma mwaka 2019, mume wangu alipoifuata ofisi yake. Mnakumbuka Serikali ilivyotangaza mwaka 2016 kwamba safari hii inahama kweli (maana uamuzi wenyewe wa makao makuu ulikuwepo tangu 1973!). Basi na sisi tukafungasha. Siku za kazi baba watoto anaenda nalo Mtumba, mimi nalichukua Jumamosi kwa sokoni, saluni na harusi za watu. Kwa hiyo ni gari moja, madereva wawili. Hilo lishike, tutalirudia.

Mwezi wa sita, shule zilipofungwa, niliwapeleka watoto kwa bibi yao Singida. Baba alikuwa na kazi nyingi, nikaendesha mwenyewe. Bahi tukapita vizuri, Kintinku tukapita vizuri. Tulipoanza kuupanda ule mlima wa kwenda Manyoni, nikaona taa nyekundu kwenye dashibodi. Vitz yetu haina mshale wa joto. Ina taa tu: ya bluu injini ikiwa bado ya baridi, nyekundu maji yakizidi moto. Katikati hapo hakuna taarifa yoyote. Kwa hiyo hiyo nyekundu ikiwaka ujue umeshachelewa.

Sasa nikwambie nilichofanya, na hili sikumwambia mtu kwa miezi mitatu. Sikusimama. Nilijipa moyo kwamba nikifika juu itazima yenyewe. Nikaenda kama kilomita mbili hivi na ile taa ikinitazama, watoto nyuma wanaimba. Niliposimama moshi ulikuwa unatoka pembeni ya boneti. Nikachukua khanga, nikaikunja mara nne, nikaushika mfuniko wa rejeta nifungue. Dereva mmoja wa lori aliyekuwa amepumzika hapo alinipigia kelele mpaka nikaruka nyuma. "Dada! Unataka kuungua uso?"

Baadaye ndiyo nikaelewa alikuwa ananiokoa na nini. Ule mfuniko haupo pale kuzuia maji yasimwagike tu. Unabana mvuke ili maji yapite nyuzi 100 bila kuchemka. Huku kwetu uwanda wa juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, maji ya kwenye sufuria yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi. Ukiufungua mfuniko gari likiwa la moto, yale maji yanachemka papo hapo na yanakurukia wewe pamoja na mvuke. Tulisubiri saa nzima, dereva akafungua mwenyewe, tukajaza maji ya kunywa ya watoto, tukaondoka taratibu. Singida tulifika. Nilipompigia mume wangu nikasema tumefika salama. Sikudanganya, ila sikusema yote.

Kwa nini sikusema? Mwaka juzi nililikwaruza hili gari kwenye nguzo ya geti, akasema mbele ya mdogo wake, "Wewe na hili gari hamuivi." Maneno matatu manne tu, jamani, na yeye alishayasahau jioni ile ile. Mimi sikuyasahau. Nikawaza nikimwambia nimeendesha taa nyekundu inawaka, nitakuwa nimempa ushahidi.

Niliporudi Dodoma nikaanza utaratibu wangu. Kila Jumamosi alfajiri, kabla hajaamka, naenda na chupa ya nusu lita, najaza kile kichupa cha akiba kilichopo pembeni ya rejeta. Maji ya bomba. Kinakuwa kimeshuka kidogo, nakijaza, nafunga boneti polepole isigonge. Nikajiambia nusu lita kwa wiki si ugonjwa.

Mwezi wa saba nikajikaza nikamwambia tu kwamba gari "linanuka joto". Akalipeleka kwa fundi. Akarudi jioni anasema limepona, rejeta ilikuwa imeziba, imesafishwa. Nikashukuru Mungu. Jumamosi iliyofuata kichupa kilikuwa kimeshuka tena. Nikanyamaza, nikajaza.

Hivyo ndivyo tulivyoishi mpaka mwezi wa tisa alipokuja binti wa dada yangu. Huyu mtoto ana miaka 21 na anasoma ufundi wa magari VETA hapa hapa Dodoma. Alikuja Ijumaa jioni kula wali, kama wanafunzi wote. Asubuhi baba watoto alipowasha gari tu, binti akasimamisha kikombe cha chai hewani.

"Baba mdogo, zima kidogo. Washa tena."

Kulikuwa na mlio, mwembamba, kama mtu anayesaga meno usingizini. Mimi nilikuwa nausikia kila siku nikidhani ndio uzee wa gari. Binti akafungua boneti, akainama upande wa kulia zilipo mikanda, akawasha tochi ya simu. Akatuita tuone. Chini ya puli moja kulikuwa na michirizi mikavu, mwingine mweupe kama chokaa, mwingine wa pinki iliyopauka.

"Hii ndiyo wota pampu," akasema. "Ina tundu dogo hapa chini. Sili ya ndani ikichoka, maji yanatokea kwenye hili tundu. Limewekwa makusudi, ili ujue. Hapa panatuambia muda mrefu." Kisha akakaa wima, akauliza swali ambalo nimelifanya kichwa cha habari. "Nani anaongeza maji kwenye hili gari?"

Tukajibu pamoja. "Mimi."

Jamani! Nikamtazama, akanitazama. Ikaja kujulikana kwamba mwenzangu naye ana chupa yake. Kila Jumatano, kwenye maegesho ya ofisini Mtumba, anajaza. Na kwamba tangu Agosti Jumatano imekuwa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Mimi nilidhani gari linapoteza nusu lita kwa wiki. Na yeye kwa upande wake, kwa hesabu ya chupa zake, alidhani hali si mbaya sana, kwa sababu kila Jumatatu alikikuta kichupa kimejaa! Alikuwa anaamini gari linapona wikiendi. Ukijumlisha za kwangu na za kwake ni lita mbili kwa wiki, kwenye gari ambalo mfumo wake mzima wa maji hauzidi sana lita 5.

Binti alituangalia sote wawili, halafu, kwa heshima zote, akasema, "Naomba spana namba kumi."

Nieleze kidogo hiyo pampu ni kitu gani, maana nami kabla ya siku ile nilikuwa najua jina tu. Ni kipanga kidogo kama cha feni, kinachozungushwa na mkanda wa injini. Kinasukuma maji yapite kwenye injini yachukue joto, yaende kwenye rejeta yapoe, yarudi. Ikifa, maji yanakaa palepale yanachemka. Na kinachoiua mara nyingi si umri, ni maji. Sehemu kubwa ya maji ya mji wetu yanatoka kwenye visima vya Makutupora. Tazama birika lako ndani, ule ukoko mweupe ndio madini ya maji ya kisima. Ukoko huo huo unakaa kwenye injini na kuisaga ile sili. Kulanti, yale maji ya rangi ya gari, yana dawa ya kuzuia kutu na kulainisha sili. Kila chupa yangu ya alfajiri ilikuwa inaizimua hiyo dawa. Kwa maneno mengine nilikuwa naificha siri na kuikuza kwa wakati mmoja.

Baba watoto akataka tumpigie yule fundi wa mwezi wa saba. Binti akaomba kwanza aangalie themostati, kile kimlango cha joto kinachofunguka maji yakifika nyuzi 80 na kidogo. Haikuwepo. Ilikuwa imeng'olewa. Mtaani wanasema nchi za joto haihitajiki. Inahitajika, alisema, maana bila hiyo injini inachelewa kufikia joto lake na inakula mafuta zaidi, na maji yanayovuja yataendelea kuvuja vilevile. Hapo mume wangu akakaa kwenye ndoo.

"Nilimlipa laki na themanini," akasema. Hakuitazama sura yangu, aliitazama injini. "Zilikuwa za lenta."

Msomaji, sisi tunajenga Nzuguni, kama nusu ya wahamiaji wa mji huu. Mwaka mzima nyumba imekaa kwenye madirisha ikisubiri lenta. Nilikuwa nauliza kila mwezi hela ya nondo imefika wapi, naambiwa bado inakusanywa. Kumbe ilienda kwa fundi, gari likaharibika tena siku ya pili, na mwenzangu akaona aibu kusema kwamba ametapeliwa. Akanunua chupa.

Sasa ikawa zamu yangu. Nikamwambia habari ya Manyoni. Taa, kilomita mbili, moshi, watoto. Nilidhani tukiwa wote na makosa tutacheka. Hakucheka. Aliniuliza mara mbili, "Watoto walikuwa ndani?" halafu akaingia nyumbani. Nikasikia mlango wa chumbani.

Nilitaka kumfuata. Binti akasema kwa sauti ya chini, "Mama mdogo, mwache. Gari limelala usiku kucha, limepoa, tukianza sasa saa kumi tumemaliza." Lakini kabla ya chochote akafungua mfuniko wa oili na kuvuta kile kijiti. Alikuwa anatafuta kama maji yameingia kwenye oili kwa kuungua gasketi ya silinda hedi. Ingekuwa hivyo, oili ingekuwa na rangi ya chai ya maziwa, na sisi tungekuwa tunaongelea kushusha hedi au kununua injini nyingine. Nakiri nilifumba macho. Oili ilikuwa nyeusi, safi kwa weusi wake. Sijawahi kufurahia uchafu hivyo.

Tukaenda mjini kwa bajaji. Pampu na gasketi yake 65,000, themostati, mkanda mpya kwa sababu wa zamani ulikuwa na nyufa, na galoni ya kulanti. Haikufika laki moja na nusu. Niliporudi baba watoto alikuwa uani, amevaa bukta yake ya kazi, amepanga tofali nne za ujenzi karibu na gurudumu la mbele kulia. Hakusema kitu kuhusu Manyoni. Alisema tu kwamba tofali zitatosha kushikilia gari.

"Hapana, baba mdogo. Tofali inapasuka bila kuaga." Binti akaenda kuazima stendi za chuma kwa jirani mwenye Noah. Hapo nilimwona mwanaume mzima wa miaka arobaini na moja akirudisha tofali moja moja ukutani bila kubisha, na nikasema moyoni kuna matumaini.

Nisiwachoshe na kila nati, ila yale niliyojifunza nawapa. Kwanza waya hasi wa betri unatolewa. Kisha maji yote yanamwagwa kwenye beseni kwa kile kibomba cha chini ya rejeta, na beseni hilo mnaliondoa mara moja, maana kulanti ni sumu na ladha yake ni tamu, mbwa na watoto wanaipenda. Kuku wangu mmoja alikuwa ameshaanza kusogea. Pili, na hapa ndipo tulipookoa saa nzima: bolti za puli ya pampu zinalegezwa mkanda ukiwa bado umefungwa. Mkanda ndio unaoishika puli isizunguke. Ukiutoa kwanza utabaki unazungusha puli kama santuri. Ndipo unalegeza altaneta, mkanda unatoka, puli inatoka, na pampu yenyewe inabaki na bolti na nati chache tu, nyingi za namba kumi. Kazi ni nafasi, si nguvu. Mkono wa binti ulipita, wangu ulipita, wa baba watoto haukupita. Akabaki na kazi ya kushika tochi.

Na ni kwenye hiyo tochi tulipoongea. Mimi nimeinama ndani nakwangua mabaki ya gasketi ya zamani kwa kadi ya benki iliyokwisha muda (si bisibisi, maana alumini ikikwaruzwa itavuja), yeye ameniinamia na mwanga, hatuonani nyuso.

"Ningejua, nisingekuacha uende," akasema.

"Ningejua hela ya lenta imeliwa, nisingekuuliza kila mwezi."

"Ulikuwa unaniuliza kama mkaguzi."

"Na wewe ulisema mimi na gari hatuivi."

Kimya. Mwanga ukatikisika kidogo. "Nilisema hivyo?"

"Mbele ya shemeji."

Akafikiri kwa muda mrefu kweli, binti akajifanya anatafuta kitambaa. "Hilo sikumbuki," akasema, "lakini najua ni mimi. Linafanana na mimi." Si msamaha wa kwenye sinema, najua. Nimekaa na huyu mtu miaka tisa, na hilo kwake ni kubwa kuliko maua. Mimi nami nikasema nilichokuwa nacho, kwamba kilomita zile mbili sikuwa nawaza gari wala watoto, nilikuwa nawaza atasema nini. Na kwamba hilo linanitisha mimi mwenyewe kuliko linavyomtisha yeye.

Pampu mpya ikaingia. Bolti zinakazwa kidogo kidogo kwa kupokezana pande, si moja mpaka mwisho, na kwa mkono mwepesi. Baba watoto aliomba akaze "ya mwisho kwa usalama", akanyimwa. Mkanda ukarudi, themostati ikarudi. Tukajaza kulanti, injini ikawashwa mfuniko ukiwa wazi na hita imewekwa kwenye moto, mapovu yakaanza kupanda. Unaongeza kadiri yanavyoshuka, unasubiri mpaka feni ya rejeta iwake yenyewe. Tulisimama watatu tukitazama mapovu kama watu wanaosubiri maziwa yachemke. Feni iliwaka. Tukafunga. Ule mlio wa kusaga meno haukuwepo, na ukimya wake ulikuwa wa ajabu.

Tahadhari moja kabla hujaenda kufungua la kwako. Vitz yetu pampu inazungushwa na mkanda wa nje, ndiyo maana tuliweza uani. Kuna magari ambayo inazungushwa na taimingi belti, kama zile RAV4 za mwanzo zenye injini ya 3S. Hilo usilijaribu bila mtu anayejua kupanga taimingi. Na hata la kwako likiwa kama letu, usianze bila mtu kama binti yangu. Mimi bila yeye ningekuwa bado nazungusha puli.

Jioni tukalipeleka kwenye mlima wa UDOM, wanne tukiwa ndani pamoja na mtoto mdogo aliyekataa kuachwa. Niliendesha mimi. Yeye ndiye aliyeniachia ufunguo, bila hotuba. Tulipanda mara mbili. Taa ya bluu ilizima baada ya dakika chache, nyekundu haikuwaka.

Tumechora mstari kwa kalamu ya wino kwenye kile kichupa cha akiba, maji yalipoishia siku ile. Hela ya lenta sasa inaandikwa kwenye daftari lililopo juu ya friji, na sijawahi kuuliza tangu hapo, nasoma tu. Lakini Jumatano iliyofuata saa saba mchana simu ikaita, mtu wa Mtumba.

"Nimeangalia. Yapo palepale kwenye mstari."

"Najua," nikamwambia. "Nimeangalia alfajiri ulipokuwa unaoga."